Waandikeni na mama zao

Mheshimiwa Mhariri,

Ile makala yenu juu ya watoto wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Maskati ya Oman, nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Mmechora na mti wa nasaba. Juu yupo Sayyid mwenyewe, chini yake Thuwaini aliyebaki na Maskati, kisha Majid, Barghash, Khalifa na Ali waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine, na pembeni Bi Khole na Bi Salme. Kila mmoja ana jina lake na mwaka wake. Ila penye mama, kwa wote, mmeweka neno moja tu: suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa na bwana wake kama mke bila ya nikahi.

Nakuandikia kukuomba mti ule uchapwe upya, na safari hii waandikwe na mama zao.

Majina yapo kwa anayeyatafuta. Mama yake Salme akiitwa Jilfidan, Mcherkesi, mtu mweupe wa milima ya Kaukasi, aliyeporwa kwao angali mtoto mdogo. Mama yake Majid akiitwa Sara, Mcherkesi vilevile, na wawili hao walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Sayyid alipofariki baharini mwaka 1856, njiani akirudi kutoka Maskati, aliacha watoto 36 walio hai kwa hesabu ya Salme mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na Bi Azza bint Seif, mke mkubwa wa nikahi. Wote ni wa masuria. Na wote walirithi, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, bila ya mtu kuuliza mama wa huyu alinunuliwa soko gani. Sharia katika jambo hili haina kigugumizi: mtoto wa suria, baba akishamkubali, ni sawasawa na mtoto wa mke. Na suria aliyezaa haruhusiwi kuuzwa tena, na bwana wake akifa yeye ni huru.

Waligombana, hilo halifichiki. Majid na Thuwaini walivutana juu ya nchi mpaka mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa Bara Hindi, akaamua Unguja iwe mbali na Maskati na iilipe Maskati riyali 40,000 kila mwaka. Barghash alimwasi Majid mwaka 1859, na Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyemwandikia barua zake. Salme akaondoka mwaka 1866 akiwa na mimba ya Mjerumani, akabatizwa Adeni, na aliporudi mwaka 1885 na manowari za Kijerumani kudai mirathi ya ndugu zake waliofariki, Barghash hakumpa kitu. Mambo mazito hayo. Lakini katika yote niliyoyasoma juu yao, sikukuta mahali mtoto wa Sayyid amemkana mama yake ili aonekane mtu wa maana.

Kukana ni kwetu sisi, wa nyumba za chini yao. Naomba nikueleze, kwa sababu nina miaka 81 na aliyenihusu kumstahi ameshatangulia.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimesomesha skuli za Unguja miaka 31. Nimezaliwa Malindi, katika nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi, mwaka 1944. Ukoo wetu ulikuwa na mashamba ya karafuu Pemba, viwanja vya Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na majivuno. Jina la ukoo silitaji, wanaotujua watatujua.

Mwaka 1960 ilikuja posa. Kijana alikuwa karani, watu wao wa Kikwajuni, heshima zao kamili. Washenga waliketi barazani na baba, wakanywa kahawa, mimi na mama tuko nyuma ya pazia la ukumbi. Mazungumzo yalikuwa mazuri mpaka mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Na bibi yake mzaa baba ni katika watu gani?" Baba akanyamaza. Kisha akasema bibi alifariki zamani. Yule mzee akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu," wakamaliza kahawa, hawakurudi tena.

Nilidhani nina kasoro. Msichana wa miaka 16, posa ikivunjika, hajui kutafuta sababu nje ya mwili wake. Nilijitizama kwenye kioo cha kabati la mama siku nyingi.

Mwisho wa mwaka 1961 nikaozwa mtoto wa ami yangu. Shamba la Pemba lilikuwa halijagawanywa tangu babu alipofariki mwaka 1931, na ami na baba walikuwa wameanza kununiana juu ya mpaka na juu ya hesabu za mavuno. Wakaona njia nyepesi ni kuwaoza watoto, shamba libaki zima. Siku ya nikahi walikuja mashahidi wawili mpaka mlangoni, wakaniuliza nimeridhi kuozwa fulani bin fulani kwa mahari kadha. Somo yangu, mwanamke aliyenifunda, alikuwa amenikamata kiganja. Nilikuwa nalia, sikuweza kutoa neno. Walingoja kidogo, mmoja akasema, "Bikira idhini yake ni kunyamaza kwake," wakaondoka zao kwenda kumwambia kadhi.

Machi mwaka 1964 ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya serikali, na baadaye shamba lile likakatwa eka tatu tatu, likapewa watu wengine. Sina neno na waliopewa, walikuwa wakilichuma miaka yote kwa ujira usiofika popote. Nasema tu kwamba nililoolewa kwa ajili yake liliondoka kabla ndoa haijatimiza miaka mitatu, nikabaki mimi na mume wangu tunatizamana. Alikuwa mtu mwema. Tulikaa miaka 37 mpaka alipofariki. Lakini sikumchagua, wala yeye hakunichagua mimi.

Baba alifariki mwaka 1979. Babu alikuwa Muibadhi, lakini baba alikuwa amefuata madhehebu ya Shafi, kwa hivyo alisomewa talkini kaburini, yale maneno ya kumfundisha maiti majibu yake. Sisi wanawake hatufiki makaburini. Usiku ule mdogo wangu wa kiume akaja jikoni, akasimama pale, akaniambia jambo ambalo alikuwa hajui alibebe vipi. Hata wasomaji wadogo wanalijua hili: katika talkini maiti huitwa kwa jina la mama yake, si la baba. Maalimu aliinama, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama yake nani?" Hakuna aliyejibu. Ami akatizama mchanga. Akauliza mara ya pili. Ndipo ami akasema, "Mwite bin Hawa."

Wanaojua watafahamu. Asiyejulikana mama yake ndiye huitwa mwana wa Hawa, mama wa wote. Baba yangu, mwenye nyumba ya mawe na mlango wa nakshi, aliingia kaburini kama mtu aliyeokotwa.

Nilimuuliza mume wangu. Akakaa kitandani, akavua kofia, akaishika mkononi. "Najua tangu kabla hatujaoana," akasema. "Ndiyo maana ukaletwa kwetu. Nje kila mtu angeuliza."

Bibi yangu alikuwa mzalia wa shamba, yaani aliyezaliwa utumwani, wazazi wake Wanyasa, watu wa Ziwa Nyasa. Babu alimweka suria, akamzaa baba mwaka 1908. Utumwa ulikuwa umeshaondolewa nguvu ya sheria Unguja tangu mwaka 1897, ila masuria waliachwa nje ya amri ile, wakahesabiwa kama wake wa ndani. Ilipokuja amri ya mwaka 1909 nao wakaweza kuondoka, lakini kwa sharti: suria akiondoka bila ya ridhaa ya bwana wake, haki ya kulea wanawe aliozaa naye imempotea. Bibi aliondoka mwaka 1912. Baba alikuwa na miaka minne. Alivuka daraja la Darajani na furushi la nguo, akakaa Mwembetanga, mtaa wa Ng'ambo, akasuka ukili na kuuza mikeka, akaolewa na mchukuzi wa bandarini, akamzaa shangazi yangu mwaka 1916. Alifariki mwaka 1951. Mimi nilikuwa na miaka saba, naye alikuwa dakika 20 kwa miguu kutoka kwetu. Sikumwona hata siku moja.

Yule shangazi alikuja matangani kwa baba. Nilimwona mwanamke mtu mzima, kanga zake kuukuu lakini zimepigwa pasi, amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, analia kilio cha ndani. Nikauliza ni nani. Nikaambiwa, "Mtu wa shamba." Nikampelekea chai.

Baada ya arubaini niliufungua msahafu wa baba, ule mkubwa uliokuwa ukikaa ndani ya kasha la njumu. Ukurasa wa mwanzo, kwa herufi za Kiarabu, babu aliandika kuzaliwa kwa kila mtoto, siku, mwezi, mwaka wa Kiislamu, na mama. Ami yupo, na mama yake yupo, jina na jina la baba yake na la kabila. Mstari wa baba umekwaruzwa mwishoni kwa wembe. Aliyekwaruza alikuwa na mkono mtulivu, karatasi haikutoboka, imekuwa nyembamba tu kama ganda la kitunguu. Niliuinua ukurasa mbele ya taa. Wino wa zamani ulikuwa umepenya. Kwa nyuma, herufi zikiwa zimepinduka, jina lilisomeka lote.

Aliyelikwaruza ni baba mwenyewe. Mume wangu alinithibitishia. Alifanya hivyo mwaka 1960, wiki ile ile washenga walipoondoka.

Sisemi haya kumvunjia heshima. Ndani ya kasha lile lile mlikuwa na daftari la kodi za viwanja vya Ng'ambo. Watu wa Ng'ambo walikuwa na nyumba zao lakini ardhi ya chini si yao, na walikuwa wakilipa kwa wenye ardhi, nyumba yetu mmojawapo. Mwaka 1928 waligoma kabisa kulipa, na shangazi alinihadithia kwamba bibi alikuwa miongoni mwa wanawake waliosimama mbele. Babu alipofariki, viwanja vile vikaangukia kwenye fungu la baba. Kwa hivyo kuanzia mwaka 1931 bibi yangu alikuwa mpangaji juu ya ardhi ya mwanawe. Katika daftari, majina ya wengine yana alama za deni, nyongeza, onyo. Mbele ya jina la bibi, kila mwezi, miaka 20, pameandikwa "imelipwa" kwa mwandiko wa baba. Shangazi aliniapia kwamba hawakupata kutoa hata senti. Alikuwa akilipa yeye, anaandika yeye, na mkusanyaji kodi akipita pale mlangoni bila ya kusimama.

Nimelishika sana daftari lile. Sijui nimhukumu vipi mtu aliyemlipia mama yake kodi miaka 20 asimwite mama mbele ya watu hata mara moja.

Sasa nifike kwenye lililonitia uchungu mpaka nikakaa kuandika.

Bibi aliacha nyumba ile ya Mwembetanga. Warithi wake walikuwa wawili, maana mume alikwishatangulia: mtoto mwanamume, ndiye baba, thuluthi mbili, na mtoto mwanamke, ndiye shangazi, thuluthi moja. Baba hakudai. Angedai vipi? Ingebidi asimame mbele ya kadhi aseme, huyu ni mama yangu. Shangazi akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 2003, na wanawe wapo humo mpaka leo, wameezua makuti, wametia bati, wamejenga choo na kisima. Mimi fungu langu katika haki ya baba ni moja kati ya saba, maana ndugu zangu wanaume ni watatu. Nimeshalisamehe kwa maandishi. Mdogo wangu aliyebaki hapa naye amelisamehe lake.

Kaka zetu wawili waliondoka mwaka 1964, wakapita Cairo, wakaishia Maskati baada ya Sultan Qaboos kuwafungulia mlango watu wa Zanzibar. Mmoja ameshafariki, ameacha watoto. Mwaka 1980 nilimwandikia yule mkubwa kumweleza habari ya bibi. Alinijibu mistari miwili, kwamba hayo ni maneno ya watu wa mitaani na nisiyarudie mbele ya watoto wake, wanatafutiwa kufu, wachumba wa hadhi yao. Nilinyamaza. Kila mwaka nikipeleka salamu za Idi, nikinyamaza.

Mwaka jana bei ya viwanja vya Ng'ambo ilipopanda, ikaja barua ya wakili. Imeandikwa kwa ajili ya kaka na watoto wa marehemu kaka. Wanadai sehemu yao katika nyumba "iliyoachwa na marehemu aliyetajwa hapo juu". Nimeisoma barua ile yote, kurasa tatu. Hakuna mahali panaposema marehemu yule ni nani kwao. Hakuna neno bibi. Hakuna neno mama wa baba yetu. Jina lake lipo mara moja tu, juu, pamoja na namba ya kiwanja.

Mheshimiwa Mhariri, nimesoma mirathi kidogo kwa maalimu wangu, na jambo la kwanza alilonifundisha kabla ya hesabu yoyote ni sababu za kurithi. Nazo ni nasaba, ndoa, na kumwacha mtu huru. Kaka zangu wanadai kwa nasaba. Basi waitaje. Mtu hawezi kumfuta bibi kwenye msahafu ili mabinti zake waolewe Maskati, kisha akampata tena kwenye kiwanja cha Mwembetanga. Na hao watoto wa shangazi, ambao wanafukuzwa kwa barua ya kurasa tatu, ndio peke yao waliomuuguza, wakamwosha, wakamzika.

Nimejiuliza sana kwa nini Mcherkesi anatajwa kwa fahari katika kila kitabu na Mnyasa anakwaruzwa kwa wembe. Wote wawili waliporwa au walizaliwa na walioporwa. Wote walizaa kwa mabwana wa Kiarabu, na sharia imewaweka daraja moja. Tofauti ni rangi, na ni wajibu wangu nikiwa mwalimu kulisema neno hilo waziwazi, maana katika nyumba zetu hulisikii. Nyumba nyingi za Malindi, Shangani na Forodhani zina bibi wa namna hii. Wengine wameandikwa "yaya". Wengine wameandikwa "mke wa pili" na jina la kubuni, bint wa mtu asiyekuwepo. Ndoa za ndugu kwa ndugu, ambazo tunazisifia kwamba ni kuhifadhi damu, ngapi kati yake zilikuwa kukimbia lile swali la yule mzee wa Kikwajuni?

Kwa hivyo gazeti linapochapa mti wa ukoo mkubwa na kuandika "suria" mara saba bila ya jina, wasomaji wenu wanapewa ruhusa. Kama hata mama wa masultani wanapita bila jina, nani atajishughulisha na mzalia wa shamba? Mchapeni Jilfidan. Mchapeni Sara. Ambao majina yao hamkuyapata, acheni nafasi tupu na muandike kwamba mnatafuta, na mtaona barua zitakavyokuja. Watu wazee wapo, na misahafu ipo ndani ya makasha.

Jina la bibi yangu sikuliandika humu kwa sababu binamu zangu wameniomba lisikike kwanza mdomoni mwetu kabla ya gazetini. Msahafuni nimeshalirudisha, pale pale kwenye karatasi nyembamba, kwa kalamu ya risasi ili nisiitoboe. Tunamsomea hitma Mwembetanga, nyumbani kwake, Ijumaa ya kwanza ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, baada ya sala ya alasiri. Kaka nimemwandikia. Nimemwambia nauli yake nitatoa mimi, na fungu lake la nyumba, kama bado analitaka, tutakaa kulizungumza siku hiyo hiyo barazani pamoja na watoto wa shangazi, akishaitikia dua kwa jina la bibi yake.

Wako katika kusoma,
Mwalimu mstaafu,
Malindi, Unguja